Vipande Viwili vya Bafta

Hapo Tandika, nyuma ya soko, mwanamke akifa watu hawakuuliza nani atamwosha. Walimtuma mtu kwa Mwanaheri. Naye hakuwa na maneno mengi. Alijifunga kaniki yake, akachukua kopo, karafuu maiti na mkasi wa kukatia sanda, akaenda. Kazi hiyo aliifanya kwa ajili ya Mungu tangu mumewe alipofariki akamwachia binti mmoja, Raudha, na nyumba ya vyumba vitatu yenye bati lililoanza kula kutu. Darasa la saba alimaliza, lakini alichokijua kuliko vyote hakukisoma darasani. Alijua kusoma miili. Akifunua shuka tu anajua huyu alikuwa akibeba ndoo upande wa kulia, huyu alijifungua kwa kisu, huyu alikuwa anapigwa. Akishajua, hunyamaza. Mwosha mwenye mdomo hana thawabu.

Kwa mikono hiyohiyo alimwosha mama yake mzazi. Miaka michache baadaye akamwosha mama yake mdogo. Mwaka wa tisini na mbili akamwosha dada yake, Mwamvita, ambaye ziwa lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuwa kidonda, na harufu yake ilishinda ubani. Wote watatu ugonjwa ni uleule, mahali ni palepale. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Mwanaheri naye alisema hivyohivyo, ila macho yake yalikuwa yameona mstari wa damu.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na zamu ilikuwa imemfikia yeye kwa namna ambayo hakupata kuisikia kwa mtu. Alikuwa haumwi.

"Huumwi, mama," alimwambia Dokta Ansbert, "na ndiyo maana nataka nikukate sasa."

Dokta Ansbert alikuwa Mhaya mrefu aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, msemaji wa polepole, kama mtu anayetembea kwenye matope asichafue viatu. Mwezi wa sita alikuwa amemtoa Mwanaheri kwenye ziwa kivimbe kidogo kama punje ya mbaazi, akakipeleka kupimwa. Majibu yakarudi kwamba si kansa, lakini nyama yake imeanza kubadili tabia.

"Angekuwa mtu mwingine ningesema tungoje, tuangalie. Lakini wewe umeniambia habari za mama, mama mdogo na dada. Ziko familia ambazo ugonjwa huu hurithiwa, kama watu wanavyorithi pua. Ushauri wangu, tuyatoe maziwa yote mawili."

"Nikatwe sina ugonjwa?"

"Hao ndugu zako walikuja hospitali lini?"

Mwanaheri alijua. Walikuja wakati wa kuja kufa.

Akaandikiwa kitanda cha Jumatano, tarehe kumi na nane Septemba. Akaambiwa aje na ndugu wa damu, maana utaratibu wa pale ni kwamba mgonjwa anatia saini yake na ndugu anatia ya kwake. Siku ya kulazwa ilikuwa mbele kwa wiki tatu, na katika wiki hizo tatu Mwanaheri aliishi kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kila mlango alioujaribu aliukuta una komeo kwa nje.

Mlango wa kwanza ulikuwa kaka yake, Kondo, fundi mwashi wa Mbagala. Alimfuata kwake, akamweleza. Kondo akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mtu hukatwa mguu kwa kuwa umeoza. Wewe unataka ukatwe mguu kwa kuwa wa jirani umeoza?"

"Si jirani, kaka. Ni mama."

"Na Raudha je? Umemfikiria Raudha?"

Hapo ndipo penye komeo lenyewe. Raudha, binti wa miaka ishirini, alikuwa na mchumba, Badru, fundi redio, mtoto wa Bi Salma wa Mtoni. Posa ilikwisha kujibiwa, na ndoa ilikuwa ifungwe mwezi wa Shaaban kabla ya mfungo. Sasa huyo mwanamke atakayekwenda kukatwa kifua chote akiwa mzima, atasema kwa sababu gani? Akisema ya kweli, kwamba ni jambo la damu, damu hiyo anayo na binti.

"Hakuna mtu anayenunua mbegu zenye fukusi akijua," alisema Kondo. "Funga mdomo mpaka Shaaban. Mtoto akishaolewa, kajikate hata kichwa, nitakusainia."

Shaaban ilikuwa miezi mitatu mbele. Mwanaheri akarudi nyumbani akilitafakari neno hilo, na kila alipolitafakari alimwona Mwamvita, ambaye naye alisema ngoja mwanangu atolewe mwali kwanza, halafu ngoja mvua zipite, halafu ngoja. Akikatwa, atakuwa amevunja harusi ya mwanawe kwa mkono wake. Asipokatwa, huenda harusi hiyo akaitazama amelala kwenye mkeka. Usingizi ukampotea. Chakula kikawa kama kutafuna pamba. Alikuwa akisali, akitoa salamu kulia na kushoto, anabaki ameketi palepale kwenye msala kwa kuwa hakujua akiinuka aelekee wapi.

Siku moja alikwenda msikitini, akasimama nje ya dirisha la chuo, akamuuliza maalimu swali moja tu: kiungo kilichokatwa mtu akiwa hai, kinafanywaje?

"Hakioshwi wala hakisaliwi," alijibu maalimu. "Huviringishwa kitambaa safi, kikafukiwa."

Hakuuliza ni cha nani. Mwanaheri akapita dukani, akanunua bafta nyeupe kidogo, kile kitambaa cha sanda.

Mtu mmoja tu Tandika nzima alikuwa na habari hii, naye ni Filomena.

Filomena alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliyepanga chumba nyumba ya tatu na kuuza sidiria za mitumba pale sokoni. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, jambo hilo halina mjadala. Kila asubuhi Filomena akipita mlangoni alisema, "Mzaramo, hujauza kiwanja tu ukacheze ngoma ya mdundiko?" Na Mwanaheri, mtu wa dini asiyependa maneno ya ovyo, hapo alijibu bila kufikiri, "Pita huko mpagazi we, shingo imekuingia tumboni kwa kubeba pembe za ndovu za watu." Ndipo siku yao ikaanza vizuri. Mwanaheri alimwambia siri yake kwa hesabu zake za utulivu. Alisema moyoni, siri ukimpa ndugu ataipeleka kwa ndugu. Ukimpa mtani, hata akiitangaza sokoni watu watasema ni utani wao.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, ila ilisahau kitu kimoja.

Jumapili, siku tatu kabla ya kulazwa, Filomena alitoka kanisani akaenda moja kwa moja kwa Mwanaheri na bakuli la michembe ya kwao, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Alimkuta chumbani, ameketi mkekani, mlango umerudishwa na dirisha limefungwa, joto limejaa. Raudha alikuwa amekwenda kuchota maji. Mbele ya Mwanaheri kulikuwa na mkasi na vipande viwili vya bafta, kila kimoja ukubwa wa leso, vimekatwa sawasawa kama anavyokata sanda, bila pindo.

Filomena alivitazama, akaelewa. Mtu mwingine angelia. Filomena alikaa chini kwa kishindo, akasema, "Kumbe mapacha wameshashonewa nguo, na mie sijaitwa kwenye msiba?"

"Filomena, niache leo."

"Nikuache niende wapi? Watani ndio wenye msiba. Mwosha, mwosha! Umewaosha wenzio wote, leo umekaa hapa umejiosha mwenyewe ungali unapumua. Umekula?"

"Sina hamu."

"Kula michembe."

"Hicho ni chakula cha punda."

"Ndiyo maana nimekuletea wewe. Kula, Mzaramo. Usipokula nitalia."

"Lia."

Neno hilo lilimtoka Mwanaheri bila kulipima. Filomena akaivua khanga yake mabegani, akajifunga kiunoni, mikono akaiweka kichwani, akafumbua kinywa.

"Mie weeee! Mapacha wa Mzaramo wameondoka, mie weee! Wameondoka hawajaniaga! Walimnyonyesha Raudha, na mtoto wa jirani wakamnyonyesha, hawakumnyima mtu! Walikwenda sokoni wakitangulia mbele, mwenyewe anafuata nyuma! Leo nani atazijaza sidiria zangu, mie weee! Saizi ile nimwuzie nani, Wazaramo wenyewe wamebaki vifua kama ubao wa kukunia nazi!"

Mwanaheri alimwambia nyamaza. Akamwambia tena. Mara ya tatu kilichotoka kilikuwa kicheko. Alikuwa hajacheka tangu siku ile ya Dokta Ansbert, na kicheko kilichokaa muda mrefu hivyo hutoka na kutu yake. Kilimkunja, kikamlaza ubavu. Filomena alivyoona hivyo akapandisha sauti, akajigaragaza, akalitaja ziwa la kulia kwa sifa zake na la kushoto kwa makosa yake, kama wafanyavyo watani kwa marehemu mbele ya wafiwa. Mwanaheri alijifuta machozi, akachukua mchembe mmoja, akatia kinywani. Ulikuwa mtamu. Akachukua wa pili.

Kitu walichokisahau ni hiki: mtani hasadikiwi kwa neno lolote, isipokuwa kilio. Msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye kuupokea. Ndiye anayechimba kaburi na kulilalia mpaka alipwe, ndiye anayepika, ndiye anayechekesha. Mnyamwezi akilia mlangoni kwa Mzaramo, mtaa hauulizi mara mbili.

Mama Asifiwe, jirani wa mbele, alikuwa wa kwanza. Aliingia mbio, khanga imefungwa kifuani, anapiga kelele, "Nani? Ni Raudha? Jamani nani?" Nyuma yake wakaja watatu, kisha saba. Uani kulisikika vishindo: vijana wa msikitini walikuwa wameshaleta turubai na wanauliza nguzo zisimame wapi. Mtu alikuwa ameshatumwa kuazima mikeka. Na sokoni kwenyewe, ambako Bi Salma wa Mtoni alikuwa amekuja kununua nazi za Jumapili hiyo, habari ilimfikia kwamba kwa Mwanaheri kumeanguka msiba.

Bi Salma aliingia ameshajitanda, machozi yanamtiririka. "Mkwe wangu! Masikini mwenzangu! Mmeniachia nani..."

Mkwe wake alikuwa ameketi mkekani, hai, shavu moja limejaa michembe.

Nazi moja ikadondoka kutoka kwenye kapu la Bi Salma. Filomena, jasho linamtoka, aliwaangalia wote, akasema haraka, "Poleni jamani, ni mie. Ni utani tu. Nilikuwa namlilia Mzaramo kwa kuwa hataki kula. Hakuna kitu. Rudini tu majumbani."

Wanawake wakaanza kupumua. Mmoja akacheka, mwingine akalaani Wanyamwezi wote mpaka Tabora. Mlango ulikuwa umefunguliwa, Mwanaheri angeweza kupita. Lakini Bi Salma alikuwa mtu mzima, na macho yake yalikuwa yamefika mkekani, kwenye vile vipande viwili.

"Hivi vya nani?" aliuliza. "Kuna kichanga kimefariki?"

Mwanaheri angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na komeo la Shaaban lingekaa mahali pake. Alilimeza lile tonge. Alijua watu wanavyosema uongo juu ya marehemu, wanaongeza wema, wanapunguza deni, na yeye aliwaachia wenyewe dhambi zao. Lakini sanda ilikuwa kazi yake. Kitambaa alichokikata kwa mkono wake, akinuia kwa Mungu, hakupata kukitaja kwa jina lisilo lake, na akiwa hapo mbele ya wanawake ambao nusu yao alikuwa amewaoshea mama zao, ulimi ulikataa.

"Ni vyangu," alisema.

Akawaeleza. Hakueleza kwa urefu. Alisema Jumatano anakwenda kutolewa maziwa yote mawili, kwamba haumwi, kwamba dokta anasema ukoo wao unarithishana. Wanawake walimtazama kifua kisha wakatazama kando, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu.

"Mama yako naye yalikuwa hayohayo?" aliuliza Bi Salma.

"Hayohayo."

"Na Mwamvita?"

"Ulikuja kwenye maziko yake, Bi Salma."

Bi Salma aligeuka taratibu. Raudha alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani, hajaitua, na hakuna aliyejua tangu lini. Bi Salma alimtazama yule binti kwa muda, kuanzia usoni kushuka.

"Mungu akupe afya, mkwe wangu," alisema mwishowe. "Sie tutazungumza nyumbani." Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali.

Alipotoka, kijana mmoja alichungulia. "Samahani mama. Turubai tulirudishe?"

"Liacheni kidogo," alisema Filomena kwa sauti ndogo. "Jua kali."

Hakuna aliyecheka.

Jumatatu asubuhi mshenga alikwenda Mbagala kwa Kondo. Hakusema posa imevunjika. Alisema upande wa kijana wanaomba muda. Adhuhuri Kondo alikuwa Tandika, amesimama uani, hataki kiti.

"Umefurahi sasa? Harusi ya mtoto umeiua kwa mdomo wako, tena wakati mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Usinitazamie Jumatano. Mkono wangu hautaandika."

Mwanaheri alimsindikiza mpaka nje, kwa kuwa kila alilolisema lilikuwa kweli. Alibaki na Raudha, na Raudha alikuwa haongei. Aliosha vyombo, akaanua nguo, akafagia uani mara mbili. Alasiri, mikono ikiwa ndani ya beseni, ndipo aliposema bila kuinua uso.

"Ungeniambia mie kwanza, mama. Kabla ya Bi Salma."

"Ningekwambia."

"Lini?"

"Ukishaolewa."

"Nikishazaa, yaani. Nikishampa na mwanangu." Aliisugua sufuria ambayo ilikuwa safi. "Na mie ninayo?"

Mwanaheri alitamani sana uongo uwe halali. "Sijui, mwanangu. Dokta anasema huenda ikawa, huenda isiwe. Hapa hakuna kipimo cha kumwambia mtu."

Raudha akainuka, akajifuta mikono kwenye gauni, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Chakula cha jioni alikila huko, au hakukila. Mwanaheri aliketi uani karibu na mlango ule uliofungwa. Alifikiri asiende. Akae tu. Ikiwa harusi imeshakufa, basi angalau mtoto asibaki na mama aliye nusu. Ikiwa haijafa, huenda akikaa kitako wakarudi. Aliligeuza jambo lile huku na huku mpaka likachakaa, na kila upande ulikuwa ni ukuta.

Jumanne Filomena alikuja. Hakutania mlangoni, na hilo peke yake lilimtisha Mwanaheri. Alikuwa ameficha kitu chini ya khanga.

"Mzaramo, nimekukosea. Padri nimeshamwambia, ameniambia nikuambie na wewe."

"Kulikuwa na siku gani Mnyamwezi asikosee? Kaa."

Filomena alikaa. "Leo nimefungua belo jipya. Nimekuta hii, nikasema mbona nzito." Akaitoa. Ilikuwa sidiria ya rangi ya ngozi ya Mzungu, pana, ya mtu mzima. Kikombe cha kulia kilikuwa kama vikombe vyote. Cha kushoto kilikuwa na mfuko kwa ndani, na ndani ya mfuko mna kitu laini, kizito kama ini la mbuzi, kina umbo la ziwa kabisa, na kijichuchu.

"Mwanzo nilifikiri wameniuzia uchawi," alisema Filomena. "Nikaitupa chini, ikaruka! Nakuapia, iliruka mara mbili. Wateja wakakimbia."

Mwanaheri aliichukua. Akaenda nayo penye mwanga, akafanya kile alichokizoea kufanya. Akaisoma.

Kulabu za nyuma zilikuwa zimepinda. Zilikuwa na tundu za safu tatu, na zote tatu zimelegea, maana yake mwenyewe alianzia safu ya mwisho, akaja ya kati, akafika ya kwanza kadiri mpira ulivyochoka. Chini ya kwapa palikuwa na ukungu wa jasho uliofuliwa mara nyingi usitoke. Mkanda wa bega la kushoto ulikuwa umekatika ukashonwa kwa mkono, kwa uzi mweupe. Ukakatika tena mahali pengine, ukashonwa kwa uzi wa kahawia. Mishono ilikuwa midogo, ya mtu asiye na haraka.

"Huyu aliishi," alisema Mwanaheri.

"Nani?"

"Mwenye hii. Walimkata la kushoto. Tazama. Hii haichakai hivi kwa mwaka mmoja wala miwili. Amefua, amevaa, amenenepa kidogo, hapa, unaona? Mkanda umekatika, akakaa akashona. Ukakatika tena, akashona tena. Mtu anayekufa hashoni sidiria, Filomena. Nimewaosha wengi. Anayekufa hujifunga kitambaa."

Filomena aliitazama ile sidiria kama inaweza kusema. "Sasa mbona iko kwenye belo langu? Si amekufa?"

"Labda amenunua mpya."

Jambo hilo halikuwa na cha kuchekesha, lakini lilimpata Filomena mahali. Alianza kutikisika. Akaivaa ile sidiria juu ya gauni lake la sokoni, ikamzidi upande mmoja, akasimama mbele ya Mwanaheri ametanguliza ziwa la Mzungu. "Guda moningi! Mie ni Bibi wa Ulaya! Nimenunua mpya!" Mwanaheri alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaomba ajaribu na yeye, akiwa ameshaufunga mlango, na wakaanza kujadiliana kama wanawake wawili sokoni iwapo ziwa la Ulaya linaweza kulala vizuri ndani ya dera, na kwa mtu aliyekosa yote mawili la pili litapatikana belo gani, na Filomena akaapa kufungua mabelo yote ya Tandika mpaka alipate, hata kama ni jeusi na jingine jeupe.

Chumba cha Raudha kilikuwa bado kimefungwa. Lakini Mwanaheri, aliyezoea kusikiliza, alisikia kitanda kikilia, kama mtu aliyeketi wima.

Jumatano aliamka, akaoga, akasali, akavaa. Aligonga mlango wa Raudha.

"Nakwenda, mwanangu. Si lazima uje."

Mlango haukufunguliwa.

"Wali uko jikoni."

Akaenda na Filomena. Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na vinne na madirisha yenye nondo, na alipokalia kitanda alichopewa Mwanaheri alihisi tena ule ukuta wa pande zote. Muuguzi alikuja na karatasi. Mwanaheri akatia saini yake, herufi moja moja.

"Ndugu yuko wapi?"

"Ndiye mie," alisema Filomena.

Muuguzi alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. "Kabila gani nyie?"

"Huyu Mzaramo. Mie Mnyamwezi."

"Ndugu gani hao, mama? Hao si watani?" Muuguzi alijizuia kucheka. "Ningekuwa naweza ningekuandika. Lakini nataka wa damu. Dokta anaanza saa nne. Asipopatikana, kitanda kinakwenda kwa mwingine, na mgonjwa wako angoje mpaka Novemba."

Filomena alibisha, akabembeleza, akamtaja Mungu wa dini zote mbili. Saa tatu ikafika. Saa tatu na nusu. Dokta Ansbert mwenyewe alipita, akasimama miguuni pa kitanda, akatazama saa yake. Mwanaheri alianza kukunja khanga aliyokuja nayo. Alikuwa mtulivu. Alisema moyoni, basi, Mungu ameamua. Lakini akajikuta anaikunjua tena, na hapo ndipo alipojua, bila wasiwasi tena, ni kipi alichokuwa anakitaka. Alitaka kuishi. Alikitaka kisu kile kama mtu anavyotaka maji.

Raudha aliingia akiwa na vumbi mpaka magotini. Alikuwa ameshukia kituo kisicho chake, akatembea. Hakumwamkia mama yake. Alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi.

"Shikamoo. Mie ni binti yake. Nitie wapi?"

Muuguzi akamwonyesha mstari. Raudha akainama, akaandika jina lake na la baba yake, hati nzuri ya shule. Mahali paliposema uhusiano na mgonjwa aliweka kalamu, akaiinua, kisha akaandika: binti. Akamrudishia muuguzi karatasi, lakini kalamu akabaki nayo mkononi. Akamgeukia Dokta Ansbert.

"Na mie, dokta? Nianze kuja lini?"

Filomena akatazama dirishani. Mwanaheri alikaa kitandani, na lile alilolikimbia kwa wiki tatu likawa limesimama hapo mbele yake, lina miaka ishirini na vumbi miguuni.

"Una umri gani?" aliuliza dokta.

"Ishirini."

"Kila mwezi ujipapase mwenyewe, sista atakufundisha. Na kila mwaka uje nikuone. Ukiona chochote, hata kidogo, usisubiri mwaka."

"Sawa."

"Hata kama umeolewa. Hata kama mume anakataa."

"Nimeelewa," alisema Raudha.

Mwanaheri alinyoosha mkono, akamkung'uta vumbi kwenye gauni, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa anampeleka shule.

"Mwandikie kwenye kadi, dokta," alisema. "Huyu ukimwambia kwa mdomo husahau."